Kununua BSA Bantam Iliyofufuliwa: Kutoka Tangazo Hadi Barabarani

Tangazo la BSA Bantam, pikipiki ndogo ya zamani ya Kiingereza, iliyofufuliwa huvutia macho haraka: tangi la kijani hafifu lenye ubavu wa rangi ya maziwa, picha ya jogoo mdogo, kromu inayomeremeta, na chini yake maneno "imefanyiwa kila kitu". Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayeishi Uingereza na unataka kuinunua, au una ndugu huko atakayekwenda kuikagua kwa niaba yako. Nashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: lipia kazi iliyofanyika ndani ya injini, na ushahidi wa kazi hiyo. Rangi hata fundi wa kawaida anaweza kuipiga Jumamosi moja ikapendeza.

Hatua ya 1: Jua ni Bantam ipi inayouzwa

Bantam zilitengenezwa na kampuni ya BSA ya Birmingham kuanzia mwaka 1948 hadi 1971. Mchoro wake asili ni wa Kijerumani. Ulitoka kwenye pikipiki ya DKW RT 125, iliyobuniwa na Hermann Weber huko Zschopau kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ujerumani iliposhindwa, michoro hiyo ilichukuliwa kama fidia ya vita, na BSA wakaigeuza kushoto kuwa kulia ili gia ikanyagwe kwa mguu wa kulia, kama Waingereza walivyozoea. Kutoka kwenye RT 125 hiyohiyo zilizaliwa pia Hummer ya Harley-Davidson, pikipiki za Kisovieti za Moscow na Minsk, na YA-1 ya mwaka 1955, pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha. Kwa hiyo aliyewahi kuendesha Yamaha ya kuchanganya oili na petroli atajikuta mbele ya ndugu wa mbali.

Ya kwanza ni D1, yenye sisi (cc) 123 na gia tatu. Nyuma haikuwa na springi. Kuanzia 1950 ungeweza kuagiza yenye springi fupi za kupanda na kushuka kwenye ekseli ya nyuma. D3 ya mwaka 1954 ilipanda hadi sisi 148. D5 ilitoka 1958 ikiwa na sisi 173, na mwaka mmoja tu baadaye ikaja D7, iliyodumu hadi 1966. Kisha zikafuata D10, D14/4 yenye gia nne, na ya mwisho B175, ambayo utaitambua kwa kichwa cha silinda chenye plagi iliyosimama wima katikati.

Kwa nini uyajue haya kabla ya kupiga simu? Kwa sababu vipuri vingi vinaingiliana, na kwa miaka zaidi ya hamsini watu wamekuwa wakichukua injini ya moja na kuifunga kwenye fremu ya nyingine. Hilo si kosa kama muuzaji amelisema. Kama tangazo linasema ni D7 ya mwaka 1960 na wewe unaona plagi imesimama wima katikati ya kichwa, uliza.

Kuna mambo mawili yanayopandisha bei bila sababu. La kwanza ni Bantam nyekundu. Shirika la Posta la Uingereza lilizitumia kwa wingi kupeleka telegramu, na D1 iliendelea kutengenezwa kwa ajili yao hadi 1963 ilhali kwa wateja wa kawaida ilikuwa imepitwa. Rangi nyekundu peke yake haithibitishi kwamba pikipiki hiyo ilikuwa ya posta. Lazima kuwe na karatasi. La pili ni Bushman, iliyoinuliwa juu kwa ajili ya mashamba na njia mbovu za nje ya Uingereza, hasa Australia. Zilizobaki Uingereza ni chache na bei yake huwashawishi watu kujenga mfano wake kwa fremu ya kawaida.

Mimi kwa safari za kila wiki ningechukua D7: ina nguvu ya kutosha kupanda kilima na bado ni nyepesi. D1 ndiyo nzuri zaidi kwa macho, lakini mwendo wake hauzidi sana kilomita 75 kwa saa, na barabara kuu za leo hazina subira na mwendo huo. Ila D1 ina faida moja kubwa kwa anayeanza. Kwa kuwa iko chini ya sisi 125, mwenye leseni ya mwanafunzi aliyepita mafunzo ya msingi ya lazima (CBT) anaweza kuiendesha. Kuanzia D3 kwenda juu unahitaji leseni kamili ya pikipiki.

Hatua ya 2: Uliza kabla ya kufunga safari

Piga simu na uulize maswali machache, kisha nyamaza umwache muuzaji aeleze. Nani alifungua krenkishafti, yaani shafti kuu ya injini? Silinda ilichongwa, na pistoni iliyowekwa ni ya saizi gani? Oili sili zilibadilishwa lini? Imetembea maili ngapi tangu injini ifungwe? Je, kuna picha za kazi ikiendelea, na risiti?

Aliyefanya kazi mwenyewe hujibu kwa furaha, tena hukuchosha kwa maelezo. Atakutajia saizi ya pistoni bila kufikiri. Anayejibu "ilifanywa na mwenye nayo wa zamani" huenda anasema kweli, ila hapo huna ushahidi, na bei inapaswa kuonyesha hivyo.

Swali la maili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Pikipiki iliyofufuliwa na haijatembea hata maili moja huonekana ndiyo mpya kuliko zote, na matangazo husifia hivyo. Mimi ningeipita nikachukua iliyokwisha kutembea maili mia tano, yenye doa la oili hapa na pale. Hiyo imeshaonyesha kasoro zake, na mwenyewe ameshazirekebisha. Ile nyingine kasoro zake zitakungoja wewe.

Mwisho, mwombe asiiwashe kabla hujafika. Unataka kuikuta injini baridi.

Hatua ya 3: Karatasi na namba

Cheti cha usajili, V5C, kiwepo, na jina na anwani vilingane na mtu na nyumba unayosimama mbele yake. Kumbuka kwamba cheti hiki chenyewe kinaandika kuwa si uthibitisho wa umiliki. Kinaonyesha nani amesajiliwa kuwa mtunzaji. Ndiyo maana risiti ya ununuzi wa awali na barua za zamani zina thamani.

Soma namba ya fremu iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, kisha namba ya injini kwenye kasha lake, ulinganishe na cheti. Tazama tarakimu zenyewe. Zimekaa kwenye mstari? Chuma kinachozizunguka kimesuguliwa? Rangi iliyojazwa kwa unene juu ya namba ni sababu ya kuomba maelezo.

Hapa wengi hudanganyika: muuzaji anajivunia kwamba namba ya injini na ya fremu "zinafanana". Kwenye Bantam za awali namba hizo mbili hazikufanana hata zilipotoka kiwandani, kila moja ilikuwa na mfululizo wake. Zikifanana kwenye D1, hilo lenyewe ni la kutilia shaka. Ukitaka uhakika wa mwaka, BSA Owners' Club huwasaidia wanachama kulinganisha namba na miaka ya utengenezaji.

Pikipiki zote hizi zimepita miaka 40, kwa hiyo zinaweza kusajiliwa kama chombo cha kihistoria: kodi ya barabara ni sifuri, ingawa bado unatakiwa kuiomba kila mwaka, na tangu Mei 2018 ukaguzi wa usalama wa kila mwaka (MOT) si lazima kama haijabadilishwa kwa kiasi kikubwa. Mimi ningemwomba muuzaji aipeleke MOT hata hivyo. Ni macho ya mtu wa tatu, kwa gharama ndogo, na anayekataa hata ukikubali kulipia wewe amekwisha kukuambia jambo.

Hatua ya 4: Zunguka nje

Hii ifanye haraka, usije ukatekwa na mng'ao.

Fungua kifuniko cha tangi na umulike ndani kwa tochi. Kutu, au ngozi ya plastiki inayobanduka? Baadhi ya dawa za zamani za kuziba matangi huyeyuka zikikutana na ethanoli, na petroli ya kawaida ya Uingereza imekuwa E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, tangu Septemba 2021. Tope hilo hushuka moja kwa moja kwenye kabureta. Tangi la Bantam lililopakwa rangi vizuri likiwa bovu ndani ni hasara mara mbili, maana kulitibu kunaweza kuharibu rangi yenyewe.

Inua gurudumu la mbele, lizungushe, kisha lisukume mbele na nyuma kwa chini ya foko. Mchezo ukihisiwa, beringi za shingo au bushi za foko zimelika. Gonga spoki moja moja kwa bisibisi: zote zitoe mlio wa karibu sawa. Kwenye tairi soma tarakimu nne za tarehe, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi yenye maua mazuri na umri wa miaka kumi na tano ni ya kutupa.

Kisha angalia nati. Bantam ilifungwa kwa nati za Kiingereza za kabla ya milimita, na spana za milimita haziingii sawasawa. Ukiona pembe za nati zimeviringika, au nati mpya za milimita zimelazimishwa kwenye bolti za zamani, basi aliyeifunga hakuwa na zana zake, na hivyo ndivyo alivyoifunga hata ndani usikoona.

Hatua ya 5: Injini baridi, kisha injini moto

Hapa ndipo utumie muda wako wote.

Injini ya Bantam ni ya mipigo miwili na haina vali. Mchanganyiko wa hewa, petroli na oili hupita kwanza chini, ndani ya kasha la krenki, na pistoni ikishuka huusukuma kupanda silindani. Kwa hiyo kasha hilo ni sehemu ya pampu na lazima lizibe kabisa. Kinachoziba pande mbili za krenkishafti ni oili sili, mpira mdogo wa bei ndogo ambao kuufikia ni kazi kubwa. Injini inaweza kuwa na pistoni mpya, silinda iliyochongwa na kabureta safi, na bado ikawa mbovu kwa sababu ya mpira huo.

Sili ya kulia, upande wa klachi, ikipasuka, injini hunyonya oili ya giaboksi na kuichoma. Utaona moshi mzito wa bluu usiokoma hata injini ikipata joto. Kwa hiyo pima oili ya giaboksi kabla ya kuwasha na baada ya kurudi. Sili ya kushoto, upande wa jenereta, ikipasuka, injini hunyonya hewa tupu. Hii ndiyo hatari zaidi, kwa sababu haitoi moshi wa kukuonya. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, pistoni inapata joto kupita kiasi na mwishowe inajamu ndani ya silinda ukiwa barabarani. Dalili yake ni injini inayochelewa kushuka ukiachia mafuta, au inayopandisha mwendo yenyewe ikiwa nyutro.

Fundi makini hupima jambo hili kabla ya kurudisha injini kwenye fremu: huziba tundu la kabureta na la ekzosi, hujaza hewa kidogo, psi tano hivi, na kutazama kama inabaki. Muulize muuzaji kama kipimo hicho kilifanywa. Akikujibu kwa undani, umempata mtu.

Sasa iwashe. Fungua koki ya petroli, bonyeza kitufe cha kabureta ya Amal mpaka petroli ichungulie, funga choki, piga kiki mara mbili polepole kisha moja kwa nguvu. Bantam iliyo sawa huitika ndani ya kiki chache. Moshi wa mwanzo usikutie hofu, kwani inachoma oili. Unatakiwa upungue injini ikipata joto. Injini ya mipigo miwili ikiwa nyutro huruka mpigo hapa na pale na mlio wake haulingani. Hiyo ni tabia yake.

Sikiliza kwa makini. Mlio wa kugongagonga juu, mwepesi kama wa sarafu kwenye kopo, ni pistoni yenye nafasi kubwa au bushi ya juu ya konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenkishafti. Mlio mzito wa chini, unaosikika ukiongeza mafuta, ni beringi kubwa ya konrodi, na huko ni kufungua injini yote, kwani krenkishafti ya Bantam imeunganishwa kwa kushindiliwa na inahitaji mashine na fundi anayeijua.

Iendeshe, au mwombe muuzaji aiendeshe, kwa dakika ishirini kamili. Kisha izime, ngojea dakika mbili, na uiwashe tena ikiwa moto. Usikubali kuruka kipimo hiki. Koili na kondensa za jenereta ya Wipac zinaweza kutoa cheche safi zikiwa baridi na kuzima kabisa zikipata joto, na sumaku za miaka mingi hudhoofika. Pikipiki iliyowaka kwa kiki moja ulipofika na ikakataa kabisa ikiwa moto ina kasoro ya umeme, hata muuzaji aseme petroli imejaa.

Hatua ya 6: Barabarani

Kaa kidogo kabla ya kuondoka. Gia iko kulia na breki ya nyuma iko kushoto, kinyume cha pikipiki zote za leo. Zunguka kwanza uani au kwenye maegesho matupu mpaka miguu ikubali.

Klachi ikibanwa, pikipiki isimame tuli ikiwa kwenye gia ya kwanza. Ikivuta mbele, sahani zake zimegandana au kebo haijarekebishwa. Kwenye gia ya pili ongeza mafuta kisha achia ghafla, mara kadhaa. Gia ikiruka yenyewe kurudi nyutro, meno yake yameviringika. Breki za ngoma ni ndogo na hazitakusimamisha kwa ghafla, lakini zinapaswa kukusimamisha kwa mstari ulionyooka. Taa za volti 6 hufifia injini ikipunguza mwendo, na kwenye D1 isiyo na betri hufifia zaidi. Kwa hiyo pima zikiwa na mwendo kabla hujazilaumu.

Hatua ya 7: Bei

Gawa kasoro ulizoziona katika mafungu mawili. Tairi, kebo, kondensa, beringi za shingo na bushi za foko ni kazi za mtu mwenye spana sahihi na siku mbili, na vipuri vya Bantam bado vinapatikana kwa urahisi Uingereza. Hizo zipunguze kwenye bei, kwa gharama ya kipuri na muda wako. Krenkishafti inayogonga, sili zinazovuja, giaboksi inayoruka na kromu iliyovimba kwa kutu ni fungu jingine: hapo linganisha bei na ile ya Bantam ambayo haijafufuliwa kabisa, kwa sababu hiyo ndiyo unayonunua, ikiwa imepakwa rangi. Kuhusu namba zilizochezewa hakuna bei. Ondoka.

Usimdharau muuzaji kwa kuhesabu tu risiti zake. Mara nyingi mtu aliyefufua Bantam kwa mikono yake ametumia fedha nyingi kuliko anazoomba, na saa za kazi yake haziko popote kwenye bei. Kama kazi ni safi na ushahidi upo, mpe anachostahili.

Lipa kwa benki mkiwa pamoja, andikieni risiti yenye namba zote mbili, na uondoke na kile kipande cha V5C cha mtunzaji mpya huku yeye akiitaarifu DVLA, mamlaka ya usajili wa vyombo vya moto. Bima tafuta ya vyombo vya zamani, yenye thamani mliyokubaliana mapema. Kama lengo ni kuisafirisha kwenda Mombasa au Dar es Salaam, pata jibu la maandishi kutoka kwa mamlaka za forodha kabla hujalipa senti. Kenya, kwa mfano, ina kikomo cha miaka 8 kwa magari yaliyotumika, na wakala wa bandarini si mtu wa kukuhakikishia kwa mdomo kwamba pikipiki ya 1955 itapita.

Hatua ya 8: Wiki za mwanzo

Mwaga petroli yote iliyokuja nayo na uchanganye yako, ili ujue hasa kilichomo. Vitabu vya zamani vya D1 vilitaka sehemu 1 ya oili kwa 20 za petroli, kwa oili za wakati ule. Kwa oili ya leo ya mipigo miwili, wenye Bantam wengi hutumia 1 kwa 25: mililita 200 kwa lita 5. Kwa injini iliyofungwa karibuni mimi nisingepunguza zaidi ya hapo. Changanya kwenye galoni kwanza, tikisa, ndipo umimine tangini. Na ukishuka mlima mrefu usifunge mafuta moja kwa moja, kwa sababu petroli ndiyo inayobeba oili. Ukiifunga, pistoni inakwenda mbio ikiwa kavu. Fungua kidogo kila baada ya muda, au bana klachi.

Kwa maili mia tano za kwanza usiikamue. Badilisha badilisha mwendo, usikae kwenye kasi moja kwa muda mrefu. Baada ya safari ya kwanza, injini ikiwa imepoa kabisa, kaza nati nne za kichwa cha silinda kwa mkingamo, kidogo kidogo. Angalia nafasi ya pointi za kuwashia cheche, ambayo ni karibu milimita 0.4, na uweke plagi ya akiba na spana yake chini ya kiti. Zikifika mia tano mwaga oili ya giaboksi ikiwa moto na uipitishe kwenye kitambaa cheupe. Vumbi laini la chuma ni la kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kidole vinakutaka ufungue kasha la klachi kabla ya safari nyingine.